Je, Mwanangu Ana Nafasi Gani?

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, baba mmoja alitungoja chini ya mwembe ulio karibu na mlango wa kanisa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitusalimu kwa adabu, akatuuliza habari za nyumbani, kisha akaikunjua karatasi yake. Ilijaa alama za binti yake tangu kidato cha kwanza mpaka mwisho wa kidato cha tano: hisabati, fizikia, kemia, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, habari za pampu ya maji aliyoiunda kwa vipande vya baiskeli kwa ajili ya bustani ya shule. Binti huyo ataka kuomba kuingia Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, ambacho watu hukiita kwa herufi zake tatu, MIT. Baba akatuuliza swali moja tu: "Ninyi ni watu wa kusoma habari za dunia. Niambieni kweli, mwanangu ana nafasi gani?"

Hatukuwa na jibu siku ile, tukamwomba atupe wiki mbili. Katika wiki hizo tulizungumza na wazazi wengine na walimu, tukaona kwamba swali hili si lake peke yake. Laulizwa Mwanza na Moshi, Songea na Bukoba, katika nyumba za watu wenye magari na katika nyumba za watu wenye majembe. Hata wazazi wasiokijua chuo kile kwa jina walijua swali lenyewe, maana waliliuliza mtoto alipomaliza darasa la saba, wakaliuliza tena alipomaliza kidato cha nne. Kwa hiyo twaona yafaa kulijibu hapa hadharani.

Lugha yetu ina neno moja, nafasi, kwa mambo yasiyo mamoja. Nafasi ni mahali pa kukaa, kama tusemapo kwamba ndani ya gari hakuna nafasi. Nafasi ni wasaa, kama tusemapo leo sina nafasi. Nafasi ni kadiri ya tumaini la kupata kitu. Na siku hizi watu wamezoea kutia maana ya nne, isiyo ya haki hata kidogo: kwamba nafasi aliyopata mtu, au aliyoikosa, ndiyo thamani yake mbele ya wenzake. Baba yule aliuliza kwa maana ya tatu. Lakini tulipomtazama usoni tuliona kwamba aliogopa ile ya nne.

Tuanze na hesabu, maana mzazi aulizaye hesabu astahili kupewa hesabu. Chuo cha MIT kilipewa hati ya kuanzishwa mwaka 1861, na mwanzilishi wake, William Barton Rogers, alitaka mahali ambapo elimu ya vitabuni na kazi za viwandani zisitengane. Nembo ya chuo yaonyesha watu wawili, fundi kando ya fuawe na msomi mwenye kitabu, na maneno yake ya Kilatini ni Mens et Manus, yaani akili na mkono. Kila mwaka huingia vijana wapya wapatao 1,100 tu. Mwaka 2024 walioomba walikuwa zaidi ya 28,000, na waliokubaliwa hawakufika 1,300. Ndiyo kusema chini ya watano katika kila mia. Kwa watoto watokao nchi nyingine mlango ni mwembamba zaidi, kwa sababu chuo chenyewe hujiwekea kikomo cha wageni. Katika miaka ya karibuni wageni waliokubaliwa wamekuwa karibu wawili katika kila mia walioomba.

Tena si alama peke yake zinazotazamwa. Mwombaji huandika insha fupi fupi juu ya maisha yake na mambo apendayo. Walimu wawili humwandikia barua, mmoja wa hisabati au sayansi, na mmoja wa lugha, historia au masomo mengine ya jinsi hiyo. Lazima afanye mtihani wa Kimarekani, ule uitwao SAT au mwingine uitwao ACT, na hapa kwetu vituo vya mtihani huo viko katika miji michache tu. Pengine ataongea na mtu mmoja aliyesoma huko zamani, afanyaye kazi hiyo bila mshahara. Yote hayo hukusanywa mwanzoni mwa Januari. Kisha watu kadhaa husoma, huketi mezani, na huamua.

Basi, hesabu hii ya wawili katika mia yatuambia nini juu ya binti yule wa pampu? Twasema bila kusita kwamba karibu haituambii neno. Ni hesabu ya umati, nayo humwonyesha mtu jinsi umati ulivyo mkubwa na mlango ulivyo mdogo. Mashua ichukuayo watu ishirini ikikuta watu mia mbili ufukoni, mmoja katika kumi atapanda. Kesho yake wakija watu elfu, atapanda mmoja katika hamsini. Je, wale wa kesho wamepungua utu kwa sababu wenzao wameongezeka? Hata chuo hicho chenyewe hakikuwa hivi siku zote. Katikati ya miaka ya 1990 kilikubali karibu mmoja katika kila wanne walioomba. Wako baba na mama wengi duniani leo, wahandisi wazuri kabisa, walioingia kwa mlango ule, na ambao watoto wao, wenye akili ileile au kuizidi, wamekataliwa. Kilichobadilika ni urefu wa foleni. Wakuu wa chuo wenyewe wamekiri mara nyingi kwamba wengi wa wale wanaowakataa wangeyaweza masomo ya pale. Neno hili twawaomba wazazi walisome mara mbili. Kukataliwa huko si hukumu kwamba mtoto hawezi. Mara nyingi ni habari kwamba viti vimekwisha.

Hapo mtu mwenye kupenda haki atauliza: Kama wengi waweza, na wachache huchukuliwa, wanachaguliwaje? Na je, ni halali?

Swali hili si jepesi, wala hatupendi kulimaliza kwa maneno ya kupendeza. Tutazame jambo moja lililotokea chuoni hapo, maana lina funzo ambalo wengi wasingelitazamia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vituo vya mitihani, MIT iliacha kudai ule mtihani wa SAT. Watu wengi wema walifurahi. Walisema mtihani huo huwapendelea watoto wa matajiri, ambao wazazi wao hulipa walimu wa ziada, na kwamba ukiondolewa, maskini watapata pumzi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mwaka 2022 chuo kiliurudisha mtihani, kikaeleza sababu. Kilisema kwamba bila mtihani huo kilipata taabu kumtambua mtoto mwenye uwezo atokaye katika shule isiyo na sifa, shule isiyofundisha masomo ya juu, wala haina maabara nzuri wala vyama vya sayansi. Mtoto wa tajiri ana njia nyingi za kuonyesha akili yake: safari, mashindano, barua za walimu wajuao kuandika barua za namna ile. Mtoto wa maskini pengine ana njia moja tu, nayo ni kukaa mbele ya karatasi ileile waliyopewa wengine na kuijibu. Kwa hiyo kile kilichodhaniwa kuwa huruma kingeweza kumziba mdomo yuleyule aliyehurumiwa. Twaona jambo hili lawapasa kulifikiri wote wanaotaka kuwasaidia wanyonge kwa haraka, na sisi wenyewe tumo.

Tuseme pia yale mema ya chuo hicho, maana haki yataka hivyo. Hakimpi mtoto upendeleo kwa kuwa baba yake alisoma hapo, desturi ambayo vyuo vingine vikubwa vya Marekani vimeishika. Hakitazami fedha ya mzazi wakati wa kuamua, hata kwa mgeni atokaye Afrika; kikisha kumkubali, hupima uwezo wa nyumba yake na kumpa kile kinachopungua. Tangu mwaka 2025 familia yenye pato la chini ya dola 100,000 kwa mwaka, na mali ya kawaida, haidaiwi kitu, wala ada, wala chakula, wala malazi. Ada ya kuomba nayo, dola 75, husamehewa kwa asiyeiweza. Kwa hiyo mzazi asimzuie mtoto kuomba kwa kuogopa fedha tu.

Walakini, hata mizani iliyotengenezwa kwa uangalifu hupima kile tu kilichotiwa ndani yake, na kuna mtu aamuaye nini kitiwe. Mwezi Juni mwaka 2023 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikataza vyuo kuitazama rangi au kabila la mwombaji kwa ajili ya rangi yenyewe. Mwaka uliofuata MIT ilitangaza kwamba katika kundi la kwanza lililoingia baada ya hukumu hiyo, vijana weusi walikuwa kiasi cha watano katika mia, ambapo miaka ya nyuma walikuwa kwa wastani kumi na watatu. Hatutaki hapa kuamua kesi ya Wamarekani. Wao wana historia yao, yenye vidonda vyake. Wako wasemao kwamba mizani ya zamani ilikosa haki, na wako wasemao kwamba mizani mpya ndiyo iliyokosa. Sisi twakumbusha jambo moja tu: kati ya mwaka ule na mwaka huu, akili za watoto hazikubadilika. Kanuni ilibadilika, na kwa kubadilika kwake nafasi za maelfu zilipanda au zikashuka, nao watoto wamelala usingizi vitandani mwao. Mtu atawezaje basi kuichukua nafasi hiyo na kuiita thamani yake?

Mwaka 1958 mwandishi Mwingereza, Michael Young, alitoa kitabu cha kubuni, cha mzaha mchungu, juu ya nchi ya baadaye ambako kila mtu hupewa cheo kwa kipimo cha akili na juhudi yake. Nchi hiyo, kwa kuitazama juu juu, ni ya haki kuliko zote: hakuna urithi wa cheo, hakuna upendeleo wa ukoo. Lakini imekuwa katili. Walio juu huwadharau walio chini, kwa kuwa wanaamini wamestahili kuwa juu. Na walio chini hujidharau wenyewe, kwa kuwa wameambiwa kwamba wamestahili kuwa chini. Mtumwa wa zamani aliweza angalau kusema moyoni kwamba amedhulumiwa. Huyu mpya hana hata faraja hiyo. Neno alilolitumia Young kwa kuicheka nchi hiyo, kwa Kiingereza meritocracy, watu walilichukua baadaye wakalifanya kuwa sifa, naye alisikitika mpaka uzeeni.

Mwaka 2020 mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Sandel, alilirudia jambo hili katika kitabu chake juu ya udhalimu wa kustahili. Alitoa shauri ambalo wengi walilicheka: vyuo vikubwa viwatenge kwanza wale wasioyaweza masomo, kisha katika hao wengi waliobaki, ambao wote wanaweza, wapige kura, na kura imchague atakayeingia. Kwa nini? Ili aliyeingia ajue kwamba bahati ilimshika mkono, asijivune. Na aliyebaki nje ajue kwamba hakupungukiwa kitu, asijidharau.

Wasomaji wetu hawana haja ya kulistaajabia shauri hili, kwa kuwa walilisikia tangu utoto. Katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume twaona kwamba kiti kimoja kimebaki wazi, kiti cha Yuda, na wamekusanyika watu wapata mia na ishirini. Petro aeleza sifa zitakiwazo: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku ile Bwana alipopaa. Watu wenye sifa hizo wamesimamishwa wawili, Yosefu aitwaye Barsaba, na Matia. Wote wawili wanafaa, na kiti ni kimoja. Wakasali, wakapiga kura, nayo ikamwangukia Matia. Mara nyingi sisi humfikiri Matia. Ni wachache kati yetu waliowahi kumfikiri Barsaba akirudi nyumbani jioni ile. Hakusemwa kwamba ameshindwa. Hakuna aliyemwuliza alikosea wapi. Alikuwa mtu yuleyule wa asubuhi, mwenye sifa zilezile zilizomfanya asimamishwe mbele ya wote, na kazi ilikuwa tele. Na jambo la kuangaliwa ni hili: kitabu hicho hakimtaji tena Barsaba, lakini hakimtaji tena Matia pia.

Hatusemi kwamba vyuo vipige kura. Huenda shauri la Sandel lina kasoro zake. Kijana aliyejitaabisha miaka sita apenda kuamini kwamba taabu yake imeonekana na macho ya mtu, wala haikuachiwa vijiti. Twasema tu kwamba kura imo tayari, kimyakimya, hata pale wasipoipiga. Msomaji wa insha aweza kuwa amechoka siku ile. Huenda mwaka huu wameomba vijana watano wenye pampu, na mwaka jana hakuomba hata mmoja. Mwalimu aliyempenda mtoto huyu huenda hajui Kiingereza cha kusifu. Mwenye kukana kwamba bahati imo, huyo ndiye atakayemwumiza mtoto, akikubaliwa na akikataliwa pia.

Akikubaliwa, atamfanya awe na kiburi. Na akikataliwa, je? Katika India kuna mji uitwao Kota, jimbo la Rajasthan, ambako makumi ya maelfu ya vijana hupelekwa kila mwaka kujifunza usiku na mchana kwa ajili ya mtihani wa kuingia Vyuo vya Teknolojia vya India. Huko hakuna insha wala barua. Ni mtihani tu, na kila mtu hupewa namba yake katika mstari. Zaidi ya watu milioni moja hufanya mtihani wa kwanza. Mwaka 2024 wapatao 180,000 walifanya ule wa pili, na viti vilikuwa zaidi kidogo ya 17,000. Mtu aweza kusema ni mizani safi kabisa. Lakini mwaka 2023 zaidi ya vijana 20 katika mji ule mmoja walijitoa uhai. Hatuwataji ili kuwatisha wazazi. Twawataja kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na nyumba, na katika nyumba nyingi za namna hiyo, huko na huku kwetu, swali la nafasi lilikuwa limekula mazungumzo mengine yote ya mezani.

Liko jambo jingine ambalo latutia hofu zaidi kwa nyumba zetu, nalo ni uongo. Baba yule alitueleza, kwa haya kidogo, kwamba mtu mmoja mjini amejitolea kumwandikia binti insha zake na kumtafutia vyeti vya huduma ambayo hakuifanya, kwa malipo, na kwa ahadi kwamba mahali pamehakikishwa. Tulimjibu palepale, bila kungoja wiki mbili. Kwanza, hakuna mtu chini ya jua awezaye kuhakikisha mahali pale. Asemaye hivyo ni mwizi. Pili, hata kama angeweza, tazama amfundishalo mtoto. Amwambia: pampu yako haitoshi, mwandiko wako hautoshi, wewe hutoshi, yafaa aende mtu mwingine badala yako, naye avae jina lako. Mtoto akiingia kwa njia hiyo ataishi miaka yote akijua kwamba aliyekubaliwa si yeye. Mwaka 2007 mkuu wa ofisi ileile ya kupokea wanafunzi pale MIT alijiuzulu, baada ya kujulikana kwamba shahada alizojiandikia miaka mingi nyuma, alipoomba kazi, hakuwa nazo. Alikuwa hodari katika kazi yake, hata alikuwa amewahimiza wazazi wapunguze kuwasonga watoto. Hatumtaji ili kumhukumu. Lakini tufikiri miaka ile yote aliyoisoma maombi ya watoto wa watu, huku akiwa na siri ile mezani pake.

Kuna afisa mwingine wa ofisi hiyo aliyeandika mwaka 2010 maneno ambayo twayaona ya busara. Shauri lake, kwa kifupi, ni kwamba kijana asiishi miaka yake ya shule akiulenga mlango ule. Asome kwa bidii, awatendee watu wema, alifuate jambo alipendalo kwa kweli. Akifanya hivyo, akikubaliwa ni vema. Asipokubaliwa, hakupoteza hata siku moja, kwa kuwa siku zile zilikuwa njema zenyewe. Tulipoyasoma tulikumbuka ile pampu. Bustani ya shule ilipata maji. Mchicha uliota. Hilo limekwisha kutendeka, na hakuna baraza la Massachusetts liwezalo kulifuta.

Lakini twasema pia na yule atakayekubaliwa, maana nchi yetu imemfikiria tangu zamani. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba ni watoto kumi na watatu tu katika mia waliomaliza shule za msingi ambao wangepata mahali katika sekondari. Alikataa shule iwafundishe hao wachache kujiona ni watu wa namna nyingine, na wale themanini na saba kujiona ni mabaki. Na mapema zaidi, mwaka 1964, aliwafananisha wenye kupewa elimu na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi na msaada, huyo amewasaliti. Mfano huo haumwulizi mtu yule kama alistahili chakula. Huenda alichaguliwa kwa kuwa miguu yake ilikuwa na nguvu zaidi, huenda kwa kuwa alisimama karibu na mlango. Wauliza tu anakwenda wapi nacho.

Kuhusu milango mingine, twaitaja upesi, maana ni mingi kuliko wazazi wanavyodhani. Vipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya. Tena mwaka 2023 kimoja cha vile vyuo vya India tulivyovitaja, cha Madras, kilifungua tawi Zanzibar, cha kwanza kuvuka mipaka ya nchi ile. Mzazi mwenye busara hamruhusu mtoto aandike ombi moja tu, kama vile mvuvi hatoki na ndoana moja.

Baada ya wiki mbili baba alirudi chini ya mwembe. Tulimweleza hesabu zote, bila kuzipamba: wawili katika mia, labda zaidi kidogo kwa mtoto mwenye kazi ya mikono kama yule, labda sivyo. Hakushtuka. Alituambia yule mtu wa mjini amekwisha kumkatalia. Kisha tukamweleza habari ya siku ya majibu. Hutolewa tarehe 14 Machi, kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kwanza, na 3.14 ni mwanzo wa ile namba ya duara tuliyofundishwa darasani. Na saa yake ni 12 na dakika 28 za jioni huko, kwa kuwa 6.28 ni mara mbili ya hiyo. Alitabasamu, akasema binti yake atalipenda jambo hilo. Kwetu itakuwa saa saba na dakika 28 za usiku wa kuamkia tarehe 15. Binti atakuwa amelala bwenini, mahali ambapo simu zimekatazwa, na mtihani wa kidato cha sita utakuwa mbele yake. Amekwisha kumpa baba yake neno la siri la kufungulia majibu. Kwa hiyo baba ndiye atakayesoma kwanza, peke yake, sebuleni, mbele ya kioo cha simu.

Tukamwuliza atafanya nini akisha kusoma. Akajibu upesi kwamba akikubaliwa atapanda basi la alfajiri mpaka shuleni, akamwambie kwa kinywa chake. Tukanyamaza. Naye akanyamaza, akaitazama ile karatasi ya alama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata hivyo, basi hilo la alfajiri lipo kila siku."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kumtafuta mkewe.